Ubavu wa Kumi na Moja wa Pipa la Nne

Pale kijijini Monvero hakuna aliyewahi kumsikia Medardo Bosticco akikiri kwamba kitu kimemshinda. Pikipiki ilipomtupa mtaroni akavunjika mguu, alisema alikuwa anaukagua mtaro, maana wanaolipwa kuukagua hawafiki. Mkewe alipomkimbia baada ya miezi minne ya ndoa, alisema amempa likizo, na likizo hiyo sasa imeingia mwaka wa arobaini na tisa. Na tumbo lilipoanza kumtangulia kila anapoingia mahali, alisema si tumbo lile, ni ghala, na mwanamume asiye na ghala atakula nini theluji ikianguka?

Ni fundi wa mapipa, mwana wa fundi wa mapipa. Karakana yake iko chini ya kanisa, upande unaopata jua, na nje yake mbao za mwaloni zimepangwa kwa minara mirefu. Zinanyeshewa, zinachomwa na jua, zinafunikwa na theluji, miaka minne, mitano, mpaka uchungu wa mti uzitoke. Ukimwuliza kwa nini asiziweke ndani, naye anakuuliza kama mama yako alikulea kabatini.

Wateja wake wakubwa ni akina Revaglio wa kilimani, wakamuaji wa divai tangu babu wa babu. Kwenye ghala lao la chini ya ardhi wana mapipa makubwa manane, kila moja linameza lita elfu tano, na kila moja lina kimlango mbele, chini, kisichozidi upana wa sinia la chai. Matatu ya kwanza aliyaunda baba yake Medardo. Kuanzia la nne ni kazi yake mwenyewe.

Na kila Jumapili mchana anakula kwao. Tuseme ukweli, hakuna aliyemwalika. Mwaka ule mkewe alipoondoka, alikwenda Jumapili moja kuligongagonga lile pipa la nne asikie linavyoitika, chakula kikamkuta hukohuko. Jumapili iliyofuata akarudi kuligonga tena. Pipa lile limegongwa kila Jumapili kwa karibu miaka hamsini, na ajabu ni kwamba Medardo huridhika kuwa ni zima pale tu ugali wa mahindi unapopakuliwa. Kiti chake ni kile cha karibu na jiko, chenye mguu mmoja mfupi. Yeye, fundi wa kusifika, hajawahi kuurekebisha mguu huo. Anasema kiti kikinyooka wengine watakitamani.

Juu ya hayo, kila Juni kikapu cha forsadi mbivu, yale matunda meusi ya mforsadi, kinamfikia karakanani kutoka kilimani. Mzee Ildebrando Revaglio ndiye aliyeanzisha, mwaka uliofuata ile ajali ya pikipiki, na alipofariki mkewe Onorina akaendeleza. Medardo huzila zote siku moja, kisha hutembea kijiji kizima midomo ikiwa myeusi, watu waone jinsi anavyopendwa.

Basi Jumapili moja ya Agosti, pipa la nne likiwa tupu na divai yake imeshaingia kwenye chupa, walikuwa wamekaa mezani wanne: bibi Onorina, mwanawe Gaudenzio, mjukuu wake Ludovica, binti wa Gaudenzio, na Medardo kwenye kiti chake cha kuyumba. Ludovica ana miaka ishirini na tisa, amesomea divai, na mwaka huo ndiye aliyekuwa amekabidhiwa ghala.

"Fundi," akasema, "mwaka huu ndani ya pipa la nne naingia mimi."

Medardo akaweka uma chini. Gaudenzio aliuona ule uma ukiwekwa chini akashtuka, maana hata siku ya mazishi ya mzee Ildebrando haukuwekwa.

"Unaingia kufanya nini?"

"Kubandua gamba. Si miaka saba sasa?"

Divai ikikaa miaka kwenye pipa huacha gamba gumu ukutani, linang'aa kama chumvi ya mawe, na kila baada ya miaka kadhaa lazima mtu aingie kwa kile kimlango na nyundo ndogo alibandue. Kwenye pipa la nne mtu huyo alikuwa Medardo siku zote. Hakumruhusu mwingine aingize hata pua.

"Hilo ni pipa langu," akasema. "Linanijua."

"Linakujua ulivyokuwa zamani," akasema Gaudenzio. "Mara ya mwisho, mzee, tulikuvuta kutoka mle kama ndama aliyekaa vibaya. Mimi na mvulana wa posta."

"Mlinivuta kwa sababu nilikuwa nimesinzia."

"Ulikuwa unamwita mama yako."

"Ndotoni!"

Ludovica akacheka, akaendelea. "Halafu kuna jambo la pili. Hii ni divai ya mwaka wa hamsini wa pipa la nne. Nataka karatasi ya chupa iandikwe hivyo: pipa la nne, fundi Medardo Bosticco, miaka hamsini, mwaloni mtupu."

"Mwaloni mtupu," akarudia bibi Onorina taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Akajifuta midomo kwa kitambaa, akakiacha pale kwa muda kupita ilivyohitajika. "Medardo, kula pilipili hoho zako, zinapoa."

Pilipili hoho zile, zenye dagaa wa chumvi juu yake, huliwa zikiwa baridi. Lakini Medardo hakuligundua hilo. Alikuwa ameshikilia ukingo wa kiti chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyesikia kwamba kinakuja kuchukuliwa.

Sababu ni hii.

Mwaka 1972 baba yake alifariki mwezi Machi, na Aprili mzee Ildebrando akashuka karakanani. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena hayo machache aliyatoa kama anatolewa jino. Akamwuliza kijana wa miaka ishirini na sita kama anaweza kuunda pipa la lita elfu tano peke yake.

"Naweza kuliunda nimelala," akasema Medardo.

"Afadhali uwe macho," akasema Ildebrando. "Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino."

Akaliunda, na kwa kweli aliliunda vizuri. Ila siku mbili kabla ya sikukuu, alipokuwa anakunja mbavu za pipa, yaani zile mbao ndefu za ukuta wake, juu ya moto, ubavu mmoja ukapasuka kwa mlio wa bunduki. Mwaloni mkavu ulikuwa umekwisha. Uliobaki ulikuwa mbichi, na mwaloni mbichi hunywea baadaye, pipa likavuja kama kikapu. Mtu mwingine angepanda kilimani akasema, bwana, nimekwama, nipe muda. Medardo alizunguka nyuma ya banda la kuku. Pale palikuwa na ubao wa mforsadi ambao baba yake aliuweka tangu enzi za vita, mkavu kama mahubiri ya Jumatatu. Akaupiga randa, akaukunja, ukakunjika kama siagi, akaupachika kati ya mialoni, akaupaka mafuta na masizi mpaka ukawa na rangi ya wenzake. Siku ya Mtakatifu Martino pipa lilikuwa limesimama ghalani, na yeye amesimama kando yake, kifua mbele.

Mafundi wa pale wana sheria moja, nayo imeandikwa ndani ya mapipa tu: nje jisifu upendavyo, ndani usiseme uongo. Kila fundi huchonga kwa patasi, upande wa ndani juu ya mlango, mti umetoka wapi na kasoro iko wapi, ili atakayelifungua baada yake asibahatishe. Baba yake alimlea kwa sheria hiyo. Kwa hiyo kabla hajafunga pipa, Medardo alichonga: *Ubavu wa kumi na moja kushoto ni mforsadi. Nilikosa mwaloni. Nisameheni. M.B. 1972.*

Alidhani atakuja kuubadilisha kimya kimya mwaloni ukikauka. Lakini kabla haujakauka akaja mnunuzi kutoka Uswisi, akatumbukiza pua kwenye glasi ya pipa la nne, akasema anasikia asali. Ildebrando akamwambia, ni mwaloni wa Medardo. Tangu siku hiyo divai ya pipa la nne huulizwa ya kwanza. Sasa hapo unakiri vipi? Kila mwaka uliopita ulikuwa unamfungia mlango mwingine. Alichoweza kufanya ni kuingia mwenyewe kila zamu, kubandua gamba lote pipa zima, na kukiacha kile kipande cha juu ya mlango, upana wa viganja viwili, kilichofunika maneno. Hata taa hakuielekeza huko. Na ile zamu moja alipolazwa na mguu wake, aliwatumia ujumbe kwamba pipa la nne lingoje mwaka mwingine. Wakamjibu kwamba litangoja.

Na sasa binti msomi, mwembamba kama fito, anataka kuingia na nyundo na taa yenye mwanga kama mchana. Akiyaona maneno yale, Medardo aliwaza, kwanza litaondoka jina lake kwenye chupa, halafu kitaondoka kiti.

Akaamua kwamba ataingia yeye kabla yake. Tatizo lilikuwa ghala. Si la akina Revaglio. Lile lake.

Jumapili iliyofuata alipofika kilimani alikataa ugali. Akakataa sungura. Akaomba supu ya maji maji na kipande cha mkate.

"Unaumwa?" akauliza Onorina.

"Sijambo."

"Basi umepata mwanamke."

"Bibi, kwa umri huu!"

"Ndiyo nashangaa. Huyo maskini amekuona mchana au alikuwa hana miwani?"

Karakanani alipigilia fremu yenye vipimo vilevile vya kimlango, ajipime. Mlango wa pipa una namna yake: unatanguliza mkono wa kulia, kichwa kinafuata kimelala ubavu, halafu unatoa pumzi yote na kusukuma bega la kushoto kwa mshazari. Mabega yakipita, mengine yanafuata. Hivyo ndivyo walivyofundishwa vijana wa miaka ishirini. Medardo mabega yalipita vizuri. Mengine hayakufuata. Alikaa katika fremu ile saa nzima kama picha ya marehemu ukutani, mpaka akafikia msumeno kwa vidole vya mguu na kuikata fremu atoke.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kazi. Ludovica alisema wataanza saa tatu asubuhi. Saa moja na nusu Medardo alikuwa tayari ghalani, amevua shati, amejipaka mafuta ya nguruwe kuanzia shingoni mpaka kiunoni, anang'aa kama sanamu. Akafungua kimlango. Akaingiza mshumaa uliowashwa kwanza, maana hewa mbaya ya pipa huua bila kubisha hodi. Mshumaa haukuzimika. Akatanguliza mkono, akatanguliza kichwa, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo tangu ubatizo, akasukuma.

Saa tatu Ludovica aliposhuka ngazi na baba yake, walikuta pipa la nne limeota miguu miwili na suruali ya kahawia.

"Fundi?"

"Nani huyo?" sauti ikatoka pipani, nzito, kama ya padri mzee.

"Ni sisi. Umekwama?"

"Nakagua."

"Unakagua nini?"

"Mlango. Umesinyaa. Mti ukizeeka hufanya hivyo."

Gaudenzio akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akapanda juu akamwita mama yake, kwa sababu alisema itakuwa dhambi kumnyima. Bibi Onorina akateremka taratibu na bakuli lake la maharage ya kumenya, akavuta stuli, akakaa mbele ya miguu ile kama mtu aliyekuja ukumbini kutazama mchezo.

"Medardo, mgeni mwenye adabu hugeuza uso kwa wenyeji."

"Bibi, nipo kazini."

"Naiona kazi. Ni pana."

Wakamvuta. Baba na binti, mguu mmoja kwa kila mmoja, na yeye akitoa maelekezo kutoka ndani kana kwamba wao ndio waliokwama. Alitoka na mlio wa chupa inayozibuliwa, akakaa sakafuni, mwekundu, mafuta na vumbi la gamba kifuani. Kabla hajapata pumzi Ludovica alikuwa ameshafunga nywele, amechukua nyundo na taa.

Hapo Medardo akatumia silaha yake ya mwisho.

"Ukifika ndani, pale juu ya mlango, kushoto kidogo, usigonge."

"Kwa nini?"

"Pana udhaifu."

Ludovica akasimama. "Udhaifu? Kwenye pipa *lako*?"

Gaudenzio aliinua nyusi. Bibi Onorina aliacha kumenya maharage. Kulikuwa na njia moja tu ya kuficha siri ile, nayo ilikuwa kusema, mbele ya mashahidi watatu, kwamba Medardo Bosticco aliwahi kuunda kitu kibovu. Sekunde tano tu za unyenyekevu. Mtu yeyote angeweza.

"Udhaifu gani!" akafoka. "Nani kasema udhaifu? Pipa lile ukilipiga bomu linakurudishia! Gonga! Gonga popote!"

Ludovica akapita kwenye kimlango kama samaki anavyopita mkononi.

Medardo alibaki sakafuni anasikiliza. Nyundo ilianza nyuma, ikazunguka kulia, gamba likaanguka kama glasi. Ikazunguka kushoto. Ikasogea mbele. Alikuwa anaifuata kwa macho kwenye mbao kama mtu anayefuata nyayo za mwizi juu ya dari. Ikafika juu ya mlango. Ikagonga mara tatu. Ikanyamaza.

Akakitazama kidirisha cha ghala, akajiuliza ni nani mwingine Monvero anayepika ugali Jumapili. Hakupata jina.

"Fundi," sauti ya Ludovica ikatoka pipani. "Hapa pameandikwa."

"Ni maandishi ya fundi. Hayakuhusu."

"*Ubavu wa kumi na moja kushoto ni mforsadi. Nilikosa mwaloni. Nisameheni. M.B.*"

Gaudenzio akageuka kumtazama Medardo. Medardo akatazama mikono yake, ambayo hata hivyo ilikuwa imejaa mafuta ya nguruwe na haikuwa na msaada wowote.

"Mwaka ule," akasema, kwa sauti ambayo hakuna mtu pale kijijini aliyewahi kuisikia, "mwaka ule ilinishinda."

Hakuna aliyecheka. Hata Gaudenzio.

"Ngoja," Ludovica akasema. "Chini yake kuna mengine. Mwandiko si wako. *Nimeona. Divai ni nzuri. Tusimwambie, tuone atakaa kimya mpaka lini. I.R. 1985.*"

Medardo aligeuza shingo polepole mpaka akaonana na bibi Onorina. Bibi alikuwa amerudia maharage yake.

"Mguu wako ulikuwa umefungwa plasta," akasema bila kuinua macho. "Mume wangu hakuwa mtu wa kungoja mwaka. Akaingia mwenyewe. Alitoka mle anacheka, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu harusi. Nilidhani ni ile hewa."

"Na wewe bibi ulijua?"

"Nikwambie nini? Alisema utakuja kukiri mwenyewe, tukusaidie kukumbuka kidogo tu. Ndiyo tukaanza kukuletea forsadi."

Medardo akajifuta midomo kwa mkono wenye mafuta.

"Kila Juni," bibi akaendelea. "Vikapu thelathini na saba. Nikasema mwaka huu ataelewa. Unakula zote, unarudi Jumapili unaniambia zilikuwa tamu, unaomba na jamu. Alipokuwa anafariki, Ildebrando, jambo moja aliloniachia mbali na mashamba lilikuwa hilo. Alisema, Onorina, usimkatie forsadi. Mpaka zimkwame kooni."

Ndipo Gaudenzio alipoanza tena kucheka, na safari hii pipa nalo likacheka, kwa maana Ludovica alikuwa ndani. Medardo alianza kukunja vidole kimoja kimoja. Alionekana kama mtu anayerudi nyuma kuhesabu vikapu.

"Nilishindwa," akasema mwishowe, akijiinua kwa kushika pete ya chuma ya pipa, "lakini semeni kweli, nani mwingine angeshindwa vizuri namna ile? Asali, alisema Mswisi. Asali!"

"Ameshapona," akasema bibi Onorina.

Kutoka pipani mkono mwembamba ukachomoza. "Baba, nipe patasi."

"Ya nini?"

"Naongeza langu."

Ikasikika patasi ikichonga, taratibu, mstari mmoja, halafu wa pili. Medardo akainama mpaka shavu likagusa kimlango, lakini mwandishi alikuwa ameziba kwa mgongo. Ludovica alipotoka, vumbi la gamba usoni, alifunga kimlango na kukikaza skrubu kwa mkono wake mwenyewe.

"Umeandika nini?"

"Ingia usome."

"Ludovica, mwanangu, mimi ni mzee."

"Mlango nitakufungulia siku yoyote, fundi. Ni ghala lako tu halipiti."

Kuhusu karatasi ya chupa, iliandikwa hivi: pipa la nne, miaka hamsini, mwaloni, na ubavu mmoja wa mforsadi, fundi Medardo Bosticco. Mswisi aliuliza kama anaweza kuagiza pipa lenye mbavu mbili. Medardo alimjibu kwamba ni siri ya ukoo.

Jumapili iliyofuata Alhamisi ile, Medardo alifika saa sita kamili, akaligonga pipa la nne mara mbili kwa adabu, akapanda jikoni. Kiti kilikuwa palepale, mguu mfupi ukiyumba. Mbele yake, kwenye sahani, palikuwa na rundo la majani ya mforsadi, mabichi, yaliyooshwa vizuri na kupangwa kama saladi.

"Viwavi wa hariri hula hayo na hubaki wembamba," akasema Ludovica. "Wiki kadhaa tu, utapita."

Wote watatu wakamtazama. Medardo akachukua jani moja, akalikunja, akalitafuna mpaka mwisho, akalimeza.

"Lina upungufu wa chumvi," akasema. Kisha akaisukuma ile sahani kando, akaegemea upande wa jiko, akanyoosha bakuli lake. "Bibi, nipe ugali. Na sungura. Na ule wa Jumapili iliyopita niliokataa, nao uweke."

"Na maandishi?" akauliza Gaudenzio. "Hutaki kujua yanasemaje?"

"Yatafunikwa na gamba," akasema Medardo, mdomo umejaa. "Sina haraka. Mimi nilingoja hamsini."